Kalunde Chini ya Taa

Treni ilikwama Godegode. Isingekwama hapo, habari hii yote isingekuwapo, na Kalunde angezeeka na kufa akijua serikali yake ni ya watu wa kweli tupu. Lakini mto wa Godegode mnaujua. Tangu enzi za babu zetu una tabia moja: mvua ikinyesha kule juu, unakuja unabeba reli kama mtu anayebeba kuni zake mwenyewe. Watu wakatengeneza treni za kuelea, zisizo na magurudumu, wakatengeneza na mashine za kufikiri, mto ukawatazama weee, halafu ukabeba reli.

Treni yenyewe haikuwa ya abiria hivi. Ilikuwa ya wajumbe wa Dola ya Magharibi, wanakwenda Kilosa kusaini amani na Dola ya Mashariki. Madirisha yote yamebandikwa karatasi nyeusi. Na sababu ya karatasi nyeusi ni huyohuyo Kalunde.

Kalunde binti Maganga, mama wa Kinyamwezi kutoka Urambo, mjane, mpole, alikuwa kile walichokiita mweupe. Mweupe ni mtu anayewekwa asijue kitu. Wanamchagua kwa roho yake safi, wanamtia kwenye nyumba nzuri isiyo na redio wala simu, wanamlisha wali na kuku, halafu wanamwambia yale tu wanayotaka akayaseme kwa mataifa. Yeye anayaamini, basi akiyasema anayasema kwa moyo wote. Kwa nini serikali itake mtu wa hivyo badala ya msomi wake, hiyo nitafika. Kalunde mwenyewe alidhani ni heshima. Kule Urambo walishampa mtoto mchanga jina lake.

Sasa, treni imekwama, watu wamekaa, chai imenywewa, na choo cha behewa kikaziba. Hapo ndipo mipango ya wakubwa ilipoanguka. Walifikiria madirisha, walifikiria redio, wakafikiria mpaka magazeti ya kufungia maandazi. Hawakufikiria kwamba mama mtu mzima akibanwa, hakuna askari wa Kinyamwezi atakayemzuia mlangoni. Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Askari aligeuza uso kwa adabu, Kalunde akajifunga kanga vizuri akashuka.

Akapita nyuma ya ghala la nafaka, akamaliza haja zake. Anarudi, akasikia sauti ndogo, kama mahindi yanayokaribia kupasuka kwenye sufuria. Mlango wa ghala ulikuwa wazi kidogo. Akachungulia.

"Shikamoo mama," kijana mmoja wa jeshi akamwambia, yuko na ufagio. "Usiingie huku, wamelala."

"Marahaba mwanangu. Nani wamelala?"

"Nzige, mama." Akasema kama anayezungumzia kuku. Alijua huyu katoka kwenye treni ya serikali, atakuwa anajua. "Ukiwapumulia karibu wanaamka. Wanafuata pumzi ya mtu, si unajua tena."

Kalunde hakuwa anajua. Nzige wa chuma alisikia habari zao tu: kila mmoja mdogo kama kiganja, wanaruka maelfu kwa maelfu, wanaitafuta pumzi, na wakiipata hawaiachi. Ndio waliomaliza watu kule mipakani mwaka wa vita. Na hapa wamepangwa kwenye rafu mpaka juu kwenye bati, mabawa yamekunjwa, wanameta.

"Hawa ni wa nani?" akauliza, japo jibu alikuwa nalo.

"Wetu, mama," kijana akasema kwa fahari. "Hongera kwa kazi yenu kule Kilosa."

Kalunde akarudi kwenye treni, viatu vimejaa tope. Akajisikia kama mtu aliyeshinda harusini anasalimiana na kila mtu, anacheza, anatunzwa, jioni ndipo anaambiwa kanga yake imepasuka nyuma tangu asubuhi.

Aliyekuwa anamwangalia safari nzima ni kijana mmoja anaitwa Mihayo, wa idara ya usalama, amesoma mpaka nchi za baridi, tai shingoni hata kwenye joto lile. Si mtu mbaya. Alikuwa anamkatia Kalunde kucha za miguu mgongo ukimuuma, mtoto wa watu.

"Mwanangu Mihayo."

"Naam mama."

"Jana uliniambia nikaseme nini kule?"

"Ukaseme hatuna nzige hata mmoja kutoka Dodoma mpaka mpakani."

"Basi nimewaona."

Mihayo akacheka kwanza. Halafu akaangalia viatu vya Kalunde vyenye tope, akaangalia mlango wa choo, kama vile choo ndicho kilichomsaliti.

"Mama, ile ni tahadhari tu."

"Sikukuuliza ni nini. Nimekwambia nimewaona."

"Mama, nisikilize." Akakaa chini kabisa, sakafuni, miguuni pake. "Mashariki wana wavu wao. Milingoti mpaka Kimamba, inarusha mawimbi, nzige akifika anaanguka kama embe. Wavu ule unakula umeme wa mikoa mitatu. Hospitali zao zinafanya kazi kwa mishumaa. Ukisema leo hatuna nzige, wataushusha, watu wao watapumua, na sisi tutawaondoa hawa polepole."

"Lini?"

Mihayo akafungua mkoba wake, akaufunga.

"Nikikataa kusema?"

"Watajua kuna kitu. Hawatangoja kesho. Watapiga, na watapiga hapahapa. Umemwona yeyote pale ghalani?"

"Kijana mmoja. Ana ufagio."

"Basi huyo."

Kalunde akauliza lile lililokuwa linamkereketa kooni kuliko yote. "Vikao viwili vya nyuma. Niliyoyasema kule, yalikuwa ya kweli?"

Mihayo akashika kichwa. "Haidhuru sasa, mama. Umeshajua. Ukifungua mdomo, taa itawaka. Tumekwisha, sisi na yule kijana."

Na ndiyo maana nasema aibu ya Kalunde ilianzia kwenye behewa lile, siyo ukumbini. Mihayo na elimu yake yote hakuwa na njia. Njia aliitoa Kalunde.

"Anayeuliza maswali leo upande wao ni nani?" akasema. "Bado ni yule Mzaramo?"

* * *

Taa yenyewe ilikuwa hivi. Kila mjumbe anavalishwa bangili mkononi, na mbele yake mezani inakaa taa ya kioo, ukubwa wa nazi. Bangili inasikiliza damu, joto la ngozi, jasho la kiganja, na mkazo mdogo wa koo ambao mtu mwenyewe haujui. Ukisema jambo huku moyoni linakuaibisha, kioo kinageuka chekundu. Usipoona aibu, kinabaki cheupe. Baada ya vita mataifa yalikataa kusaini chochote bila taa hizo, maana karatasi zilishasainiwa nyingi na watu wakafa vilevile.

Mwaka wa kwanza mawaziri walikwenda wenyewe. Ukumbi ukawa mwekundu kama jiko la mkaa. Mmoja aliwaka kwenye kusema jina lake tu, sijui alikuwa amefanya nini na jina. Basi serikali zote, mashariki na magharibi, zikaanza kutafuta weupe. Waliotengeneza taa walidhani uongo na aibu ni ndugu wa tumbo moja, wanatembea pamoja siku zote. Hawakukulia kwenye utani.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe. Mtani anaingia nyumbani kwako anabeba jogoo wako, unacheka, unamlipa faini amrudishe. Anakuja msibani kwenu anajilaza kaburini anakataa kutoka mpaka mmpoze. Anakutukana ukoo mzima mbele za wakwe, na unamshukuru, maana siku ya shida ndiye anayechimba kaburi wewe ukiwa umekaa unalia. Na katika utani unaweza kusema uongo mkubwa kama mlima bila nywele kukusimama. Hakuna aibu pale. Ndivyo ulivyowekwa, watu wawe na mahali pa kuwekea sumu zao zisiwaue.

Yule Mzaramo aliitwa Kondo Mwinjuma, mzee mwenzake Kalunde, mweupe wa upande wao. Mwembamba, kofia ya kitambaa cheupe, meno ya mbele yamekwenda likizo. Vikao viwili vyote walitaniana mpaka makarani wakasahau kuandika.

Reli ilipoungwa, treni ikafika Kilosa asubuhi ileile. Kalunde alivyoingia tu ukumbini, Kondo akasimama.

"Jamani pisheni, mpagazi kafika! Mama, mzigo uko wapi leo? Au shingo imeshaingia yote mabegani?"

"Mzigo ni wewe, Mzaramo. Nimekuja kukubeba nikakutupe. Ngoma imekwisha lini huko kwenu mpaka ukapata nafasi ya kuja?"

"Haijaisha. Nimewaacha wanacheza, nimewaambia nakwenda mara moja kumsalimia mtumishi wangu."

Ukumbi ukacheka, mpaka wale walinzi wa nje. Kalunde akacheka pia. Alikuwa anacheka huku anajisikiliza, kama mtu anayeonja mchuzi wa mgeni. Akaangalia taa yake. Nyeupe.

Wakakaa. Wakubwa wakasoma maneno yao marefu, ya usalama wa kanda, ya kuaminiana kwa hatua, ya mataifa shahidi. Halafu ikafika zamu ya Kondo, aulize lile swali moja ambalo ndilo lililobeba mkataba wote.

"Mjumbe wa Magharibi," akasoma kwenye karatasi, sauti ya kanisani. "Je, dola yako ina nzige wa chuma, mahali popote, kutoka Dodoma mpaka mpakani?"

Mihayo alikuwa nyuma yake. Kalunde alisikia tai yake inalegezwa.

Hapo alikuwa na milango miwili. Aseme ndiyo, na yule kijana mwenye ufagio awe majivu kabla jua halijazama. Au aseme hapana kwa sauti ya kawaida, taa iwake, iwe yaleyale. Akauchukua ule wa tatu aliouchonga mwenyewe. Akaegemea kiti, akashika kiuno.

"Ati nini? Nzige? Nikuwekee wewe nzige, Mzaramo wewe? Nzige anakula shamba. Wewe shamba unalo? Unalima nini zaidi ya kulima mkeka kwa ubavu?"

Watu wakaguna kwa kicheko. Kondo akajaribu kukaza uso, ukamshinda.

"Jibu swali, mpagazi!"

"Najibu! Hakuna nzige. Hakuna hata panzi. Kutoka Dodoma mpaka hapa nimeangalia kwa macho yangu, kuna tope na vyura, na vyura wenyewe wanaimba ngoma zenu, mnawadai. Nzige unawaona wewe usingizini, kwa sababu ya kula ukalala, ukala ukalala. Hakuna nzige, Kondo. Nenda kamwambie mama yako aliyekuzaa na uvivu!"

Ukumbi ukapasuka. Wa Mashariki wanapiga meza, wa Magharibi wanafuta machozi. Kondo kainama, mabega yanatikisika. Na kila jicho lilipokwenda kwenye taa ya Kalunde, taa ilikuwa nyeupe kama maziwa.

Msimamizi wa kikao akagonga. Jibu likaandikwa: hakuna. Wakasaini. Kalunde kalamu aliishika vizuri tu, na hilo ndilo lililomtisha.

* * *

Kulikuwa na kanuni moja pale Kilosa. Mkataba unaanza kazi karatasi ikitoka mlangoni mikononi mwa makarani wa pande zote mbili. Kabla ya hapo bangili hazivuliwi, na karatasi inakaa mezani ikauke wino wakati watu wanakunywa chai. Ikitoka, Mashariki watashusha wavu saa ileile.

Chai ililetwa mwisho wa ukumbi, na vitumbua. Watu wote wakakimbilia huko, mnajua wakubwa na vitumbua. Kalunde hakuinuka. Alikaa na taa yake. Mihayo alipita akamgusa bega, akaenda zake kwenye chai.

Kondo akaja na vikombe viwili.

"Kunywa, mpagazi. Hujatiliwa limbwata, mimi mwenyewe naogopa kukuoa."

Kalunde akapokea. Kondo akavuta kiti, akakaa karibu. Na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu mzima tu aliyechoka.

"Utani kando, dada yangu."

Kalunde akahisi kikombe kizito. Mtani akisema hivyo, mlango umefungwa. Hapo mnabaki watu wawili.

"Nina binti, anaitwa Siwema. Nyumba yake iko Kimamba, chini kabisa ya milingoti. Vita vilipoanza alikimbilia pwani, amepanga chumba kwa watu. Sasa ana mimba, amebakiza siku chache. Anasema hataki kuzalia kwa watu, anataka nyumbani kwake alipomzika mumewe. Ananipigia simu tangu asubuhi, baba nije, baba nije?" Akanywa chai. "Mimi ni mweupe, dada. Sijui wakubwa wangu wananificha nini. Wewe nakujua. Nimwambie apande gari?"

Kalunde akafungua mdomo. Alikuwa na matusi mengi ya utani, yalijaa kinywani mchana kutwa. Akalitafuta moja tu. Halikuwapo.

Hakusema neno. Na bado taa ikaanza kuwaka.

Ilianza chini, kama damu inayopanda kwenye pamba. Ikapanda, ikajaa, ikawa nyekundu mpaka mkono wa Kalunde ukaonekana mwekundu, mpaka chai ikaonekana nyekundu. Aliikinga kwa kiganja, mwanga ukapita katikati ya vidole.

Kondo akaiangalia. Akageuka kuangalia kule kwenye chai, migongo ya watu, vicheko. Akavua kofia yake, akaifunika taa.

"Wapi?" akasema polepole.

"Godegode. Ghala la nafaka."

"Wengi?"

"Mpaka kwenye bati."

Kichwa cha Kondo kilikuwa na upara mdogo ambao Kalunde hakuwahi kuuona, na jasho juu yake.

"Wakubwa wangu wakijua," akasema, "watachoma leo."

"Kuna vijana pale. Mmoja kaniamkia."

"Na wasipojua, wavu unashuka." Akamwangalia usoni, akamwangalia kweli. "Ulilijua hili ulipokuwa unanitukania mama yangu?"

"Nilijua."

Kalunde alitamani apigwe. Kondo hakumpiga, wala hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini, akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mkataba. Akaiokota karatasi yenye sahihi zote, akaiviringisha, akaitia ndani ya shati.

"Mtani kachukua!" akapiga kelele. "Jamani, mtani kachukua!"

Watu wakageuka, vitumbua mdomoni.

"Mzee Kondo, unafanya nini?" msimamizi akakimbia. "Rudisha hiyo!"

"Sirudishi! Mnyamwezi kaniita mvivu mbele ya mataifa, kamtukana mama yangu marehemu. Nimebeba jogoo wake. Amkomboe!"

Wa Mashariki wakaanza kucheka, wanamjua mzee wao. Wa Magharibi nao wakacheka, kwa nini wasicheke, na wao wana watani.

"Unataka nini, Mzee wetu?" mmoja akauliza.

"Nataka kuku. Kuku wa Kinyamwezi, wa kuchoma. Lakini simli hapa. Kesho asubuhi wajumbe wote, wao na sisi na mataifa shahidi, tunapanda treni yao tunakwenda kumlia kwao. Naona pale Godegode panafaa. Nasikia wana ghala zuri, tutakaa humo kwenye kivuli. Nikishiba narudisha karatasi."

Vicheko vikaendelea upande mmoja. Upande wa pili vikafa kimoja kimoja. Mihayo alibadilika rangi. Akamwangalia Kondo kama anaangalia kuku aliyeongea, halafu akamwangalia Kalunde, na kofia juu ya taa. Akaelewa. Hakuna aliyeshitakiwa, hakuna wa kukanusha. Ni utani tu. Na wana usiku mmoja.

Msimamizi akatazama taa ya Kondo, maana ndiyo kazi yake. Ilikuwa nyeupe.

"Magharibi mnakubali faini?"

"Tunakubali," Mihayo akasema. Akamwinamia Kalunde sikioni. "Mama, usiku mmoja utatosha kuwahamisha wote?"

"Sijui mwanangu. Nenda kawaambie waanze."

Akatoka mbio, simu tayari iko sikioni. Wengine wakamfuata Kondo nje, wanamshika shati, wanamtania, anawakwepa kwenye ngazi kama kijana. Ukumbi ukabaki mtupu, na Kalunde, na vikombe.

Nje alimsikia Kondo akiongea na simu, sauti ya chini. "Siwema? Hapana, mama. Usije. Kaa hukohuko kwa leo. Nitakwambia."

Halafu mlango ukafunguka, akaingia peke yake.

Kalunde akajaribu. Mungu anajua alijaribu. "Umerudia nini, mwizi wa karatasi? Kofia yako nimeshaikamata, nakwenda kufungia viazi."

Kondo akasimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Naomba kofia yangu, Ndugu Mjumbe."

Basi. Ndugu Mjumbe. Kwa adabu zote, kama anavyoambiwa waziri.

Kalunde akainua kofia kwa mikono miwili. Mwanga mwekundu ukatoka, ukawapata wote wawili usoni. Kondo akaipokea, akaivaa, akairekebisha vizuri.

"Ahsante sana, Ndugu Mjumbe. Tutaonana kesho kwenye treni."

Akatoka. Mlangoni alisimama mlinzi mmoja wa Magharibi, Mnyamwezi wa Sikonge, kijana mnene.

"We mpagazi!" Kondo akamwambia, sauti ileile ya asubuhi. "Unasimama tu, huna mzigo? Njoo unibebe, miguu inauma!"

"Nikubebe wewe, Mzaramo, nikupeleke wapi? Ngomani?"

Wakacheka wote wawili, wakashuka ngazi wanasukumana. Kalunde akawasikiliza mpaka wakafika getini.